Kabla ya fomu ya mfadhili, tusome daftari la atelie

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri mtu kuwahubiria wenzake kabla hajaungama.

Mwaka uliopita, jioni moja, vijana wanne wa uhandisi walinijia nyumbani. Wanatengeneza roboti. Hawakuja kwa kupenda fasihi. Walikuwa wameshika fomu ya kurasa kumi na moja, yote kwa Kiingereza, na siku ya mwisho ya kupeleka dosie ilikuwa keshokutwa. Mkubwa wao akaniambia: “Yaya, wewe ni mtu wa lugha. Sisi tunajua mota na waya. Hii karatasi inatushinda.”

Walikuwa pia na daftari. Humo, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa, walikuwa wameandika vitu walivyohitaji: chuma kimoja kizuri cha kulehemu, kwa sababu walichokuwa nacho kilikuwa cha kuazima, multimeta, batri mbili pamoja na chaji yake, sanduku lenye kufuli, esanse ya jenereta kwa siku ambazo umeme haupo, na pesa ya usafiri kwa wenzao wawili wanaokaa Ruashi, ambao wakikosa nauli hawaji. Orodha yote haikujaza hata ukurasa mmoja.

Fomu haikuuliza habari hizo. Iliuliza juu ya ubunifu wa mradi, idadi ya watu watakaofikiwa, namna jina la mfadhili litakavyoonekana, gharama za safari ya mashindano, na vifaa vya roboti ya mashindano. Karibu na mwisho ikauliza: mradi utaendeleaje fedha zikiisha?

Niliwasomea swali hilo kwa Kiswahili. Mmoja akajibu palepale: “Jumamosi tunatengeneza redio na simu za watu wa mtaa. Pesa ikiingia, tunanunua batri.” Hakuwa anaota. Walikuwa wamekwisha kuanza kazi hiyo, ila bila multimeta walikuwa wanakisia tu, na wateja wengine walirudi wakilalamika.

Mimi nilicheka. Niliona jibu hilo ni dogo mno, jibu la fundi wa sokoni, lisilofaa mbele ya watu wakubwa. Nikaandika, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba timu itajenga ushirikiano wa kudumu na wadau wa kitaifa na wa kimataifa. Hakuna aliyekuwa amesema neno hilo katika chumba kile. Chuma cha kulehemu nikakitosa ndani ya mstari wa “vifaa mbalimbali”, ambao mfadhili aliupunguza baadaye. Esanse na nauli nikazifuta kabisa, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi yake.

Ruzuku ikatoka. Siku ile tulicheza. Fedha ikalipa tisheti, kalikoti yenye nembo, sanduku la vipande vya roboti, na safari ya watu wawili kati ya wanne. Leo roboti ile iko juu ya rafu na batri yake imekufa. Chuma cha kulehemu bado ni cha kuazima. Wale wawili wa Ruashi wameacha kuja. Mfadhili alipata ripoti nzuri yenye picha nyingi, na ripoti hiyo pia niliiandika mimi.

Simlaumu mfadhili peke yake. Alilipa alichoombwa, na aliyeomba ni mimi. Ninachotaka kusema katika kurasa hizi ni kwamba lugha tunayoombea fedha, na mahali tunapoanzia kuomba, ndivyo vinavyoamua fedha itanunua nini. Kwa hiyo ruzuku za timu za roboti ni jambo la kitivo chetu kama lilivyo la wahandisi.

Tuangalie kwanza jinsi fedha hizi zinavyotembea. Mashindano ya roboti ya wanafunzi ni mengi duniani. Miongoni mwa yanayojulikana kwa vijana wa sekondari ni FIRST Global, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Washington mwaka 2017, kisha yakazunguka: Mexico City mwaka 2018, Dubai mwaka 2019, Geneva mwaka 2022, Singapore mwaka 2023, Athens mwaka 2024. Kila nchi hutuma timu moja, na timu zote hupewa sanduku la vipande vya aina moja, ili mtoto wa nchi maskini asishindwe kabla ya kuanza. Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu kuna University Rover Challenge, inayofanyika katika jangwa la Utah, Marekani, tangu mwaka 2007. Huko kanuni huweka kikomo cha gharama ya gari lenyewe, ili timu tajiri isishinde kwa pesa tu.

Hizi ni kanuni za haki na zinastahili sifa. Lakini hakuna kanuni inayopunguza bei ya tikiti ya ndege kutoka Lubumbashi. Balozi nyingi ziko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1 500 kutoka hapa, kwa hiyo mara nyingi viza peke yake ni safari kabla ya safari. Na viza yenyewe si hakika. Mwaka ule wa 2017, wasichana wa timu ya Afghanistan walinyimwa viza ya Marekani mara mbili, wakaruhusiwa dakika za mwisho baada ya dunia nzima kupiga kelele. Timu isiyopigiwa kelele na dunia hubaki na risiti za maombi ya viza.

Ndiyo maana safari humeza ruzuku. Na wafadhili wanaipenda safari kwa sababu inayoeleweka: ina tarehe ya kuanza na ya kumalizika, ina picha, ina bendera, inaingia katika ripoti ya mwaka. Esanse haina picha. Nauli ya Ruashi haina nembo. Batri inayonunuliwa kila baada ya miezi michache haiishi, na mfadhili anataka kitu kinachoisha ili afunge faili. Hilo si uovu, ni namna ofisi zinavyofanya kazi. Lakini atelie inafanya kazi kwa namna nyingine. Inaishi kwa vitu vidogo vinavyorudi kila juma, na kitu kimoja kikikosekana vyote vinalala.

Mtu ataniuliza: hivyo vitu vidogo vinaweza kuzaa nini? Nitatoa mifano mitatu.

Mwaka 2012 Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, na Ken Goldberg wa Berkeley, Marekani, walianzisha mtandao wa roboti wa Afrika unaoitwa AFRON. Mwaka huohuo mtandao ukatangaza shindano: nani atabuni roboti ya kufundishia yenye gharama ya dola kumi hivi? Mmoja wa washindi alikuwa Tom Tilley, anayeishi Thailand. Alichukua kidhibiti cha michezo ya video, akatumia mota ndogo zilizomo ndani yake, na pipi mbili za kijiti zikawa mizani ya kuzuia roboti isipinduke. Gharama ilikuwa dola 8,96.

Mwaka 2013, mjini Lomé, Afate Gnikou wa Togo alijenga mashine ya kuchapa vitu kwa plastiki akitumia sehemu za kompyuta na mashine zilizotupwa. Hakungoja mashine mpya ije kwa meli.

Na mwaka huohuo wa 2013, hapa kwetu Congo, watu wa Kinshasa waliona roboti zikisimama katika njia panda kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi aliyesoma ISTA. Zilijengwa kwa alumini ili zivumilie jua na mvua, na zikapewa umeme wa jua. Aliyezibuni alianza na tatizo analoliona kila siku barabarani, akajua pia kwamba umeme wa mji hautegemewi. Sidhani kama kuna fomu ingemfundisha mambo hayo mawili.

Mifano hii mitatu haifanani kwa gharama wala kwa ukubwa. Inafanana kwa kuwa mtengenezaji aliangalia kilicho mbele yake kabla ya kuangalia kinachotakiwa na mwingine. Vijana wangu wanne walikuwa wamefanya hivyo katika daftari lao. Mimi ndiye niliyewageuza macho.

Hapa ndipo kitivo chetu kinapoingia. Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba kutafsiri si kubadilisha maneno tu. Lakini fomu ya pesa ikifika, tunasahau somo. Tunasoma fomu kwanza, halafu tunatafuta maisha yanayoweza kuingia ndani yake. Chukueni neno moja la Kiingereza, impact, ambalo halikosekani katika fomu hizo. Tukilileta kwetu, tuna athari, lakini athari mara nyingi husikika kama madhara. Tuna matokeo, lakini hata mtihani una matokeo. Tuna manufaa, na neno hili linadai jibu: manufaa kwa nani? Kama ningewauliza vijana wale kwa neno hili la tatu, wangenijibu: kwa mama wa mtaani mwenye redio mbovu. Kwa Kiingereza nilijaza mistari minane bila kumtaja mtu hata mmoja.

Kuna jambo zito zaidi. Bajeti ile niliyoiandika ilisomwa vizuri na mtu mmoja tu, nami si mwanachama wa timu. Waliotia sahihi hawakuweza kuikagua mstari kwa mstari. Tunalalamika kila siku juu ya fedha za umma zinazopotea, kisha tunawazoeza vijana kutia sahihi karatasi wasiyoielewa. Je, siku moja mmoja wao akiwa mkurugenzi, tutashangaa akitia sahihi bila kusoma?

Basi napendekeza mambo matatu. Hakuna linalohitaji amri kutoka Kinshasa.

La kwanza: ombi liandikwe kwanza kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote ambayo timu inaitumia ikifanya kazi, timu yote ikiwa imeketi. Liwe na maswali manne tu: tunafanya nini, tunakosa nini, nani atafaidika, na fedha ikiisha tutafanya nini. Ombi hilo lisomwe kwa sauti na kila mmoja akubali. Baada ya hapo ndipo mtu wa lugha alitafsiri, akiwa na kanuni moja: hakiingii katika tafsiri kitu ambacho hakimo katika Kiswahili, na kilichomo hakiondolewi bila timu kukubali. Kama fomu haina mstari wa esanse, tumwandikie mfadhili barua ya kuuomba mstari huo. Anaweza kukataa. Lakini asipoombwa hatajua kamwe kwamba unahitajika.

La pili: kazi hiyo ihesabiwe. Wenzetu wengi wanatafuta mahali pa kufanya staji na wanaishia kupiga fotokopi katika ofisi. Mwanafunzi wa tafsiri akikaa na timu moja miezi mitatu, akaandika ombi, akaweka daftari la maneno ya atelie, akatafsiri ripoti, amefanya staji ya kweli. Wakuu wetu na maasistanti wanaweza kuipokea, kuisahihisha na kuipa alama kama wanavyofanya kwa memwari. Kwa timu ni msaada usio na gharama, na kwa kitivo ni utafiti. Nani kati yetu ameandika jinsi mafundi wa mji huu wanavyoita sehemu za mota?

La tatu ni gumu kidogo: chuo kiweke mfuko mdogo wake, hata kama ni mdogo sana, unaopokea maombi ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa au kwa lugha yoyote kati ya nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Fedha itolewe kidogo kidogo kwa miaka mitatu, isitolewe nyingi mara moja. Ilipe kwanza vifaa vinavyobaki atelie na vitu vinavyorudi kila mwezi. Safari ije baadaye, kwa timu iliyokwisha kuonyesha kazi. Na ripoti isiwe kitabu cha picha. Timu ije oditoriamu, iwashe mashine mbele ya wenzake, iseme kilichofaulu na kilichoharibika, ijibu maswali.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nimeyasikia.

Wengine watasema mfadhili hasomi Kiswahili. Ni kweli, wala siombi asome. Naomba Kiswahili kitangulie. Nyumba hujengwa toka msingi, ingawa mgeni anaingilia mlangoni.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya roboti. Nendeni mkasikilize atelie moja kwa saa moja. Wanasema mota, waya, batri, kulehemu. Neno likikosekana wanachukua la Kifaransa, wanalivika nguo za Kiswahili, na kazi inaendelea: kapteri, vise, prizi. Mashine haijawahi kusimama kwa ajili ya neno. Zaidi ya hapo, neno roboti lenyewe halikuzaliwa atelie. Lilitoka katika tamthilia, R.U.R. ya Karel Čapek wa Ucheki, iliyoandikwa mwaka 1920, na mzizi wake ni robota, yaani kazi ya kulazimishwa. Wazee wetu waliofanya salongo wangelielewa neno hilo bila mkalimani. Kwa hiyo watu wa fasihi wasiogope kuingia. Walikuwemo tangu mwanzo.

Wengine, na hawa nawaheshimu zaidi, watauliza: kwa nini roboti wakati oditoriamu zinakosa viti na walimu wetu wanangoja mishahara? Sina jibu la kuwafurahisha. Kama ningetakiwa kuchagua kati ya mshahara wa mwalimu na safari ya Singapore, ningechagua mshahara bila kusita. Lakini fedha hizi hazitoki katika mshahara wa mtu; zinakuja kwa ajili ya roboti au haziji kabisa. Na tukiziomba vizuri, zitaacha vitu vyenye matumizi mengi. Multimeta iliyonunuliwa kwa ajili ya roboti itapima pia spika ya oditoriamu iliyonyamaza. Chuma cha kulehemu hakijui kama kinashika waya wa roboti au wa redio. Tunaishi katika nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, kobalti inayoingia katika batri nyingi, na bado timu yetu imelala kwa kukosa batri moja. Tukiwa na vijana wanaojua kufungua batri, kuipima na kuitunza, hilo si anasa.

Wa mwisho watasema esanse na nauli ni mlango wa wizi, ndiyo maana wafadhili wanaziogopa. Ni kweli kwamba zinaibika kirahisi. Dawa yake ni daftari la matumizi linalobandikwa ukutani, lililoandikwa kwa lugha ambayo kila mwanachama anaisoma, na kusomwa kila Jumamosi kabla ya kazi kuanza. Ni vigumu kuandika lita kumi mbele ya watu waliosikia jenereta ikizima saa nane.

Juma lililopita nilirudi kwa vijana wale. Niliwaambia yale ninayowaambia ninyi hapa. Mkubwa wao alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Yaya, sisi tulifikiri wewe ndiye unajua wanachotaka.” Nami nilikuwa nimefikiri hivyohivyo. Hatukuwa na ubaya kati yetu. Kila mmoja aliamini mwenzake anajua.

Tumeanza ombi jipya. Safari hii daftari liko katikati ya meza na fomu iko chini yake. Katika mstari wa nne, kwa Kiswahili, tumeandika kwamba fedha ikiisha timu itatengeneza redio na simu za watu wa mtaa kila Jumamosi. Nitalitafsiri jibu hilo kama lilivyo. Huenda tukanyimwa. Tukinyimwa, tutajua kwamba tulinyimwa tulichokiomba sisi wenyewe, na ukurasa ule wa daftari utakuwa bado wetu, tayari kwa mlango mwingine.

Ndugu wanafunzi, mwaka huu mkijiwa na wahandisi wenye fomu mkononi na siku mbili zimebaki, msikatae. Ila kabla ya kugusa fomu, waulizeni daftari liko wapi.